Waandishi wako hai, tuwaulize

Kimya kimekuwa kirefu kidogo, ila si mnajua tena mambo ya UE. Na wewe uliyeulizia kama nimedisko, jibu ni hapana. Bado nipo Mlimani, nadunda.

Leo siandiki habari za maji kukatika hosteli wala foleni ya kusaini bumu. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Sisi tunaosomea ualimu, hasa wa Kiswahili, tunajiandaa kwenda kuwafundisha watoto wa watu habari za waandishi ambao hatujawahi kuwasikia wakisema hata neno moja. Baadhi yao wanaishi humu humu mjini, tunabanana nao kwenye daladala bila kujua. Halafu tunasimama mbele ya darasa na kutamka kwa kujiamini kabisa: "Msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi." Nani kakwambia? Desa.

Basi Jumamosi kulikuwa na tamasha la vitabu mjini. Kiingilio bure, na mwanachuo akisikia neno bure habembelezwi. Tulikwenda watatu, wote wa ualimu, daladala mbili mpaka pale. Jina la tamasha nalihifadhi, maana nina la kulalamika na sitaki ugomvi na watu waliojitahidi kuandaa kitu ambacho wengi hawajaribu hata kukiota.

Nianze na lililonichosha. Mazungumzo ya asubuhi yalikuwa ukumbini, kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani koti, mada ni mustakabali wa fasihi ya Afrika. Jukwaani watu watano. Wanne kati yao wamekulia Kiswahili kama mimi na wewe, na wawili wanaandika kwa Kiswahili. Lakini shughuli yote ikaenda kwa Kiingereza, tena kile cha maneno marefu cha kwenye makongamano. Mzee mmoja nyuma yangu akanyanyua mkono akauliza kwa Kiswahili: hivi vitabu vyenu sisi wa wilayani tunavipata wapi, maana kule kwetu duka linaloitwa la vitabu linauza madaftari na kalamu? Swali safi kabisa. Mwongozaji akalitafsiri kwa Kiingereza. Yule mwandishi, ambaye alikuwa akitikisa kichwa tangu mzee anaanza kuuliza, yaani ameshaelewa kila kitu, naye akajibu kwa Kiingereza. Jibu halikutafsiriwa. Mzee akakaa.

Jamani, hivi hapo nani alikuwa anazungumza na nani?

Mchana tukahamia nje, kwenye hema, viti vya plastiki, joto la Dar lile mnalolijua. Huko kulikuwa na mshairi mmoja, mtu mzima, shati la kitenge, wala hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Akaanza kusimulia shairi lake moja lilivyozaliwa. Alisema lilianzia kwa mama muuza samaki aliyekuwa akibishana bei na mteja. Maneno ya yule mama yalikuwa na mizani yake, yakamkaa kichwani mpaka nyumbani. Akaliandika, akalifuta, akaliandika tena. Alisema beti mbili alizozitupa mwishoni ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote, ila zilikuwa zinasema uongo. Mimi nimekaa madarasa ya fasihi tangu kidato cha kwanza, na sikuwahi kusikia mtu akisema kwamba ubeti unaweza kuwa mtamu na bado ukawa mwongo.

Ndipo akasimama binti wa kidato cha nne. Walikuja kundi zima na mwalimu wao, wa shule ya serikali, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba kuuliza, msimamo wako ni upi?"

Hema zima likacheka. Mzee hakucheka. Akamuuliza amesoma shairi gani kati ya mashairi yake. Binti akalitaja. Wewe umelionaje? Binti akajibu: "Mwalimu alituambia ni la kimapinduzi." Mzee akasema haya, mwalimu kasema, wewe je? Pakawa kimya mpaka nikamwonea huruma. Halafu binti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anaona yule anayezungumza ndani ya shairi anaogopa. Anapiga kelele sana kwa sababu anaogopa. Mzee akamwomba arudie, pole pole, na safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa wadau, mimi pale ndipo niliposhikwa. Yule binti, ndani ya dakika tano, alifanya uhakiki. Alisoma, akahisi, akatoa hoja, na hoja yake ina mashiko. Lakini kwenye mtihani wake wa mwisho ataandika nini? Ataandika "kimapinduzi", kwa sababu "kimapinduzi" ina alama na "anaogopa" hana uhakika kama inayo. Na atakayekuwa amemfundisha hivyo ni mimi. Ni wewe. TP inakuja.

Tukumbuke tulivyosomeshwa. Kitabu kinafunguliwa, kinachambuliwa kama gari gereji: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Sivitukani hivyo vipengele. Ni vifaa, na fundi bila vifaa ni mpiga porojo. Tatizo ni kwamba tumewapa watoto vifaa na hatukuwaonyesha gari likitembea. Wako waliofaulu maswali ya Takadini bila kuisoma Takadini. Wanajua Sekai anakimbia na mtoto wake mwenye ualbino, wanajua hiyo ni dhamira ya mila potofu na mapenzi ya mama, na hawajawahi kutembea naye njiani hata ukurasa mmoja. Watoto wa Mama N'tilie hivyo hivyo. Joka la Mdimu hivyo hivyo.

Na mwandishi je? Mwandishi ni jina juu ya jalada. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni marehemu tu, hata kama asubuhi hiyo amekunywa chai na chapati Sinza.

Chukueni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Nani humu hakuisoma? Karani wa sensa anatumwa kijijini, anampenda Mazoea, na mwisho wa yote karatasi za takwimu zinaishia motoni mikononi mwa Mzee Mitomingi. Aliyeandika ni Edwin Semzaba, aliyefundisha hapa hapa Mlimani, sanaa za maonyesho. Kwa shule za Ubungo na Sinza ilikuwa nauli ya daladala moja tu kumfikia. Alifariki mwaka 2016. Swali lolote ambalo mwanafunzi angetaka kumuuliza kuhusu zile karatasi, sasa hatuna wa kumuuliza.

Au Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa vile ilivyosema mambo wazi, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Hebu fikiria ungemuuliza mtu huyo: ulijisikiaje walipokukataza, na ulijisikiaje walipokurudisha? Alifundisha hapa kabla ya kwenda Botswana. Amefariki Januari 2020. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, mtu yuko hai, na kwenye somo la mashairi ya kisasa tulikuwa tunamtaja kama tunavyomtaja Mirambo.

Halafu ikaja Oktoba 2021. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kapewa Nobel ya fasihi. Mitandaoni tukaanza kuulizana huyu ni nani, na wengine mpaka leo wanabishana kama ni wetu au si wetu. Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994 na iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo huo. Kwa Kiswahili tumeipata 2022, inaitwa Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Miaka 28! Mtu anaandika habari za pwani yetu na misafara ya bara, na sisi tunasubiri wengine wampigie makofi ndiyo tugeuze shingo.

Kuna atakayesema kukutana na waandishi ni anasa, ni mambo ya kupiga picha na kuweka kwenye status. Na kweli wapo waliokuja Jumamosi kwa picha tu, mmoja alimkumbatia mwandishi, akapigwa picha tatu, kisha akamuuliza rafiki yake "hivi huyu kaandika nini?" Lakini ngoja niwape kisa kimoja cha kihistoria.

Juni 1962 palikuwa na mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere, Kampala. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo. Alikuwepo pia mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, umri kama wetu huu, anaitwa James Ngugi. Kijana huyo alikuwa na muswada wa riwaya, akampa Achebe ausome. Mwaka 1964 akachapishwa kwa mara ya kwanza kama mwandishi wa riwaya. Ndiye huyo Ngugi wa Thiong'o aliyefariki 2025. Sasa mwambie Ngugi kwamba kwenda kuwasikia waandishi ni anasa.

Ila kisa hicho kina upande wa pili, na ndio ulionifanya nimkumbuke yule mzee wa wilayani. Mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye tayari alikuwa ameandika Kusadikika na Adili na Nduguze, kwa kigezo hicho hakuwa na kiti. Alifariki mwezi huo huo, Juni 1962, akiwa na miaka 53. Ngugi mwenyewe alikuja kuliandika jambo hili mwaka 1986 na kuuliza uhalali wake. Miaka zaidi ya sitini imepita, na Jumamosi, Dar es Salaam, swali la Kiswahili bado linatafsiriwa kwa Kiingereza ili Mswahili amjibu Mswahili. Siwapingi wanaoandika Kiingereza, Gurnah mwenyewe anaandika Kiingereza. Wageni wakiwepo, tafsiri iwepo. Lakini mwenyeji asitafsiriwe akaachwa njiani.

Niliporudi hosteli nikayamwaga haya yote kwa mwenzangu wa chumbani. Yeye anasomea hisabati na hana muda na mashairi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mtihani hautungwi na huyo mshairi wako." Kweli, hapo kanibana. Mzazi kamleta mtoto afaulu. Nikimwacha mtoto aandike "anaogopa" na msahihishaji anataka "kimapinduzi", nani atamlipia mwaka wake? Sina jibu la mkato. Ninachosema ni kwamba hoja yenye ushahidi wa mistari kutoka kwenye shairi lenyewe ni vigumu kuinyima alama, na kazi yetu ni kumfundisha mtoto kuleta ushahidi huo. "Anaogopa, kwa sababu ubeti wa tatu unasema hivi na hivi." Asiyesoma kitabu hawezi kufanya hivyo. Aliyekariri desa hawezi pia. Kwa hiyo nitawafundisha vyote: hiki ndicho wanachotegemea, na hivi ndivyo unavyotetea unachokiona wewe.

Wengine wa fasihi mtanirukia na Roland Barthes. Najua, tumefundishwa: mwaka 1967 Barthes aliandika kwamba mwandishi amekufa, maana ya kitabu haimhitaji tena. Sawa, lakini Barthes alimuua mwandishi ili msomaji azaliwe. Sisi tumemuua mwandishi na msomaji hatujamzaa. Pale katikati tumemkalisha mwenye desa. Na mkumbuke yule mshairi hakumpa binti jibu. Angeweza kusema "msimamo wangu ni huu" na watoto wote wangeandika kwenye madaftari, tukawa tumepata desa jipya lenye saini ya mwandishi. Hakufanya hivyo, na alimrudishia swali. Faida ya kumuona mwandishi si kwamba yeye ndiye mwenye majibu. Faida ni kuona kwamba kitabu kilifanywa na mtu, mtu aliyesita, akafuta, akachagua. Kitu kilichofanywa na mtu unaweza kukiuliza maswali. Kilichoshuka tu kutoka kwenye mtaala unakikariri.

Sasa pesa. Ndiyo, pesa. Kitabu nilichokitaka Jumamosi kilikuwa shilingi 20,000. Bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Hesabu fanya mwenyewe: kitabu kimoja ni siku mbili za kula. Kwa hiyo simshangai anayekimbilia kutoa kopi kitabu kizima. Ila yule mshairi alituambia, bila hasira, kwamba kila mwaka anakutana na watoto waliomsoma na hakuna hata mmoja mwenye kitabu chake halisi. Tukichanga watatu, tukanunua kimoja, tukasoma kwa zamu, mwandishi kapata chake na sisi hatukulala njaa. Ndivyo tulivyofanya. Zamu yangu ni ya pili, na wa kwanza anasoma kama kobe.

Basi mimi napendekeza haya, na mnikosoe.

Moja, ukienda tamasha la vitabu soma kwanza angalau kitu kimoja cha mtu unayekwenda kumsikia. Hata shairi moja. Yule binti alikuwa na shairi moja tu na lilimtosha.

Pili, uliza kwa Kiswahili, na ukijibiwa kwa lugha nyingine wewe au jirani yako hakuielewa, nyoosha mkono tena. Kwa heshima. "Samahani, naomba utusaidie kwa Kiswahili." Hakuna atakayekufukuza.

Tatu, hapa chuoni. Aprili 2009, Kigoda cha Mwalimu kilipofanya tamasha lake la kwanza, Soyinka alikuja kuzungumza hapa hapa Mlimani. Kwa hiyo wakubwa wanaletwa. Mimi naomba kidogo zaidi ya hapo: mara moja kila muhula, mwandishi mmoja wa Kiswahili, darasa moja la Yombo, saa mbili, bila mgeni rasmi na bila hotuba ya shukrani ndefu kuliko mazungumzo yenyewe. Tangu 2023 kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, washindi wanatangazwa na majina yao yako wazi. Tunaanzia hapo.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu. Ukienda TP, popote watakapokupeleka, tafuta mtu mmoja anayetunga. Si lazima awe na Nobel. Kila wilaya ina mtunzi wa mashairi aliyezoea kuyapeleka redioni, ina manju wa ngoma, ina mwalimu mstaafu mwenye riwaya kwenye kabati. Mkaribishe darasani kipindi kimoja. Soda na nauli, basi. Waache watoto wamuulize chochote, hata "msimamo wako ni upi", halafu awarudishie swali.

Mimi nimeshaamua. Barua ya kupangiwa shule ikitoka, kitu cha kwanza nitakachomuuliza mkuu wa shule, baada ya shikamoo, ni nani anatunga hapa kijijini.

Haya wadau, nyie mnasemaje? Nani humu amewahi kumuona mwandishi wa kitabu alichokisoma shuleni, na alimuuliza nini? Wa hisabati mnaruhusiwa pia kuchangia. Kwa leo naishia hapa, kuna desa la saikolojia ya elimu linanikodolea macho.